Nimechoka na vileja vya Idi, lakini naogopa kuviacha

BARUA

Shangazi, asalaam alaykum. Nakuita shangazi kama wanavyokuita wasomaji wengine, ingawa huenda umri wetu haupishani sana. Mimi ni mama wa watoto wanne, nina wajukuu, naishi Ng'ambo hapa Unguja katika nyumba aliyotuachia marehemu mama. Jina langu naomba usilitoe. Mtaani kwetu safu hii inasomwa, na baadhi ya wanaoisoma ndio hao nitakaowataja.

Nyumba yetu inajulikana kwa vileja, zile biskuti za unga wa mchele na samli. Tangu enzi za mama, likiingia kumi la mwisho la Ramadhani, jiko la uani halizimwi. Tunafanya na visheti, na tambi za kukaanga kidogo, lakini vileja ndivyo watu wanavyovingoja. Mama alikuwa akiroweka mchele, akauanika, akautwanga na kuuchekecha hapa hapa nyumbani. Samli aliipiga na sukari kwa mkono mpaka ikageuka nyeupe, na hiliki aliitwanga saa ile ile ya kuitia. Mimi nafuata vivyo hivyo. Kilichobadilika ni moto tu: yeye alipika kwa sufuria, akapalia makaa juu na chini, na mimi nina oveni ya gesi aliyoninunulia binti yangu.

Wewe ukiwa mpishi utanielewa. Unga wa mchele haushikani kama wa ngano, unatulizwa kwa kiganja mpaka ukubali. Samli ikipungua, kileja kinapasuka mkononi kabla hakijaona moto. Ikizidi, kinatandaa kwenye trei na alama zote zinapotea. Mimi sina kipimo kilichoandikwa, najua kwa mkono. Ndiyo maana nafanya peke yangu. Binti yangu alijaribu kunisaidia mwaka fulani, trei nzima ikatoka nyufa, nikamwambia aende akalale.

Kazi yenyewe naifanya usiku, maana mchana nimefunga na siwezi kuonja. Nikitoka kusali tarawehe naingia jikoni, na mara nyingi natoka watu wanapoamshana daku. Wenzangu usiku huo wako kwenye tahajudi, wanautafuta Lailatul Qadri, mimi nipo na trei. Hilo nalo linanisumbua, lakini nikisema nani atanisikia? Asubuhi ya Idi wajukuu wanatoka na sahani nilizozifunika kwa kawa, nyumba kwa nyumba. Kawa hizo pia nimesuka kwa mkono wangu, ukili nimeupaka rangi mwenyewe.

Na kuna kofia. Wanaume wa nyumba hii nawashonea kofia za viua kwa zamu: mwaka huu baba watoto, mwakani mwanangu, mwaka wa tatu mkwe. Anayejua kazi hiyo anajua kwamba kila kitundu kinatobolewa peke yake na kuzungushiwa uzi peke yake. Kofia moja inanichukua miezi. Sasa vidole vimeanza kunifia ganzi, hasa usiku, mpaka naamka naukung'uta mkono. Hospitali waliniambia nipumzishe sindano. Nimepumzisha kidogo.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Idi iliyopita mwanangu mkubwa alikuja kutoka Dar es Salaam na mkewe. Niliyemshonea kofia safari ile alikuwa yeye. Aliingia mlangoni amevaa kofia ya mashine, zile zinazouzwa kwa rundo Darajani. Sikusema kitu mbele za watu. Jioni nikamuuliza kofia yangu iko wapi. Akasema, "Mama, nilimpa rafiki yangu, alikuwa anaoa na hana kofia ya maana." Akasema hivyo kwa wepisi tu, huku anachezea simu.

Kabla sijalimeza hilo, mkamwana wangu, ambaye ni mtu wa bara, akaweka mezani mkebe wa biskuti za dukani na keki ya krimu. Mbele ya wageni akaniambia, "Mama, kwa nini ujisumbue hivi, siku hizi vyote vinauzwa." Wageni wakacheka. Mimi nikacheka. Usiku nililia.

Na sahani je? Zamani sahani hairudi tupu. Ukipeleka vileja inarudi na halua, au maandazi, au hata sukari kidogo. Sasa mtaani wamejaa wapangaji tusiojuana. Sahani nyingine zinarudi tupu, nyingine hazirudi, na kawa zangu mbili nzuri zimepotelea huko huko. Anayepokea kama zamani ni bibi mmoja jirani, mtu mzima sana, ambaye huanza kuniulizia kuanzia mwezi kumi na tano wa Ramadhani, "Samli umeshapata?"

Mdogo wangu ananiambia niache, nimezeeka. Binti yangu anasema nisiache ila niuze: yeye atapiga picha, atachukua oda kwa simu, mimi nitapika. Baba watoto hasemi kitu, yeye anachouliza ni vileja viko wapi. Mimi mwenyewe sijui. Nikiwaza kuendelea nachoka kabla sijaanza. Nikiwaza kuacha naona kama namzika mama mara ya pili. Enzi zake uani palikuwa na kelele, mimi na dada zangu na mabinti wa jirani tumekaa na vinu na machekeche, mmoja anachambua, mmoja anabonyeza visheti kwenye kitana, yeye yuko kwenye sufuria anatugombeza. Ile ndiyo ilikuwa Idi, Shangazi. Hii ninayoifanya mimi sijui ni kitu gani.

Nifanyeje? Niache, niuze, au ninyamaze niendelee?

Mama wa Vileja, Unguja


JIBU LA SHANGAZI

Waalaykum salaam dada yangu, maana kama umri wetu ni mmoja basi na tuitane hivyo.

Nimeisoma barua yako mara ya kwanza kama mtu anayesoma habari ya uchovu. Niliporudi kuisoma nikaona uchovu ni sehemu moja tu. Umeniletea mambo kadhaa yaliyosukwa pamoja: mikono inayouma, usiku wa Ramadhani unaotamani kuutumia vingine, kofia iliyotolewa bila wewe kuulizwa, neno la mkamwana mbele za watu, mtaa uliobadilika, na mama unayemkumbuka. Yote yamekutana kwenye trei moja ya vileja, na sasa unaniuliza kama trei uiweke chini au usiiweke. Mimi sitakujibu hilo kwa ndiyo au hapana. Ila naomba tuyatenganishe kidogo, kwa sababu nina shaka kwamba ukiacha vileja yote haya yataondoka navyo.

Nianze na pale ulipomaliza, kwa sababu naona ndipo ulipoandika bila kujizuia. Unasema enzi za mama uani palikuwa na watu, mmoja anachambua, mmoja anabonyeza visheti, na mama yuko kwenye sufuria. Halafu juu kidogo unaniambia unafuata kama alivyofanya mama. Dada yangu, hebu ziangalie sentensi hizo mbili kwa utulivu. Mapishi umeyafuata sawasawa, hiliki inatwangwa saa ile ile. Lakini kazi iliyogawanywa kwa mikono ya watoto wake na nusu ya mtaa umeibeba mikono miwili, na mikono yenyewe inakufa ganzi. Mama, kwa maelezo yako mwenyewe, hakuwahi kupika vileja vya Idi peke yake. Sikuambii hivi kukulaumu. Dada zako wameolewa, mabinti wa jirani wametawanyika, na hakuna siku uliyokaa ukaamua kuwa sasa nitabaki peke yangu. Ilitokea tu. Lakini unapojiuliza kama kubadilisha kitu ni kumsaliti mama, ni vizuri ukajua kwamba mabadiliko makubwa yalishapita zamani.

Sasa binti yako na trei yake ya nyufa. Ulimwambia aende akalale, na nakuamini kwamba ulikuwa umechoka na unga ulikuwa wa gharama. Lakini wewe ulijifunza lini? Kwa maelezo yako ulikuwa miongoni mwa wale waliokuwa wakigombezwa uani. Bila shaka na wewe una trei zako zilizopasuka, mama akazila na chai bila kuzipeleka kwa mtu. Mtu haujui unga wa mchele kwa kuusikia, anaujua kwa kuuharibu. Swali langu kwako, na ujijibu mwenyewe: kinachokuzuia kumrudisha jikoni ni nyufa, au ni kwamba akivijua, wewe utabaki na nini? Wanawake wengi wa rika letu tumeshikwa na hofu hiyo, hatuisemi. Jina la nyumba linatoka mikononi mwako, na kulitoa kwa mwingine, hata awe wa tumboni mwako, si jambo jepesi.

Ukiamua kumrudisha, ushauri wangu ni mmoja tu: usimwite mwezi ishirini na saba. Usiku ule kila mtu kachoka na kila gramu ya samli inahesabiwa. Mwite Shaaban, mwezi unaotangulia Ramadhani, wiki moja kabla ya vunja jungu, kwa kilo moja ya unga isiyokuwa na mtu anayeingoja. Na muweke mizani ya jikoni. Najua unacheka, lakini pima kwanza kile mkono wako unachotia, kisha aandike. Kuandika hakutaupunguzia mkono wako heshima. Pia vileja vikikauka vizuri na vikawekwa kwenye mkebe usioingiza hewa, vinakaa wiki mbili tatu bila kuharibika. Hakuna sharti linalosema lazima vipikwe katika kumi la mwisho. Visheti navyo hivyo, shira yake ikishaganda. Tambi sina hakika ungependa zikae, ila hizo umeniambia ni kidogo.

Hilo linanileta kwenye usiku wako wa Ramadhani. Mimi si sheikh na sitajifanya. Lakini zakatul fitri ina kipimo chake, pishi moja kwa kila kichwa, kama kilo mbili na nusu za chakula, na ina wakati wake, kabla ya sala ya Idi. Vileja havina kipimo wala wakati alioupanga mtu zaidi yako na mama. Ni sadaka nzuri na ni ujirani mwema, lakini ukivisogeza mpaka kumi la kati la Ramadhani hakuna aliyedhulumiwa. Uliandika, "nikisema nani atanisikia?" Je, umewahi kusema? Mume wako anauliza vileja viko wapi. Pengine hajui kwamba vinakunyima tahajudi, kwa sababu kila mwaka vinatokea mezani kama kawaida yake.

Sasa kofia. Hapa nataka niende polepole, maana naona ndipo penye jeraha. Wewe umeona hivi: nimetoboa vitundu miezi mizima na vidole vinakufa, mtoto kampa mtu. Kuumia kwako ni haki yako na sikuondolei. Lakini naomba tuitazame na kauli yake. Alisema rafiki alikuwa anaoa na hana kofia ya maana. Kwa hiyo alipotafuta kitu cha kumvisha bwana harusi siku ya nikaha, siku ambayo kila jicho linamwangalia, alichokiona kinafaa katika nyumba yake yote ni kofia yako. Ile ya mashine hakumpa, hiyo aliivaa yeye. Sisemi kwamba alifanya sawa kutokuambia. Nasema tu kwamba kitu kisicho na thamani hakipelekwi kwenye harusi.

Kuna jambo jingine, dogo, ambalo wanaoshona mara nyingi tunalisahau. Kofia ya viua ina matunzo yake. Inafuliwa taratibu, inatiwa wanga, inakaushwa juu ya bakuli au kopo la saizi ya kichwa ili isinyauke. Je, huko Dar es Salaam kuna mtu anayeyajua hayo? Mwanao ameondoka nyumbani ambako kofia ilikuwa inatoka kabatini ikiwa tayari, nyeupe na imesimama. Inawezekana aliivaa mara chache, ikalegea, akaona haya kuivaa na haya kukuambia. Inawezekana pia kwamba hakufikiri kabisa, wanaume wako hivyo. Mimi sijui, na wewe pia hujui, kwa sababu mazungumzo yenyewe yaliishia kwenye simu yake.

Ungeweza kumuuliza tena. Si mbele ya mkewe na si siku ya Idi. Mpigie siku ya kawaida umwambie, "Ile kofia nilikushonea wewe, na nilipoambiwa imetoka niliumia. Nieleze vizuri ilikuwaje." Usiongeze kitu. Hatari yake ni kwamba jibu linaweza kuwa jepesi kama la kwanza, na utaumia mara ya pili. Hatari ya kunyamaza ni kwamba zamu yake ikifika tena utashona ukiwa na kinyongo, au hutashona na yeye hatajua kwa nini.

Kuhusu mkono wako, hapa sina upole. Ganzi inayokuamsha usiku mpaka ukaukung'uta si uzee wala si uchovu wa kawaida. Mara nyingi ni mshipa wa fahamu unaobanwa kwenye kifundo cha mkono, na kazi ya kurudiarudia kama sindano huuzidisha. Ukiachwa muda mrefu vidole vinaweza kupoteza nguvu, mpaka kushika kikombe ikawa tabu. Umeandika, "nimepumzisha kidogo." Rudi hospitali, uwaambie kidogo hicho ni kiasi gani, uwaulize na kuhusu kifaa cha kufunga mkono wakati wa kulala. Kofia inaweza kungoja mwaka. Hakuna mwanamume nyumbani kwako atakayekwenda sala ya Idi kichwa wazi.

Mkamwana wako sikumsikia, nimesikia maneno yake tu. "Kwa nini ujisumbue" ni maneno yanayoweza kutoka kwa mtu anayekudharau, na yanaweza kutoka kwa mtu aliyeona mama mkwe wake amepauka kwa kukosa usingizi akatafuta la kusema. Sauti ndiyo inayotofautisha, na sauti unaijua wewe. Ila nikuulize: yeye kwao sikukuu inakuwaje? Wako wengi bara ambao Idi yao ni pilau, soda na nguo mpya, na kileja hawajakiona maishani. Alikuja na mkebe na keki, yaani hakutaka kuingia kwako mikono mitupu. Kwa kanuni yako mwenyewe ya sahani, huyo ni mtu anayerudisha sahani ikiwa na kitu, ingawa kitu chenyewe si ulichokitaraji. Nikikosea hapa, ukawa na ushahidi mwingine kwamba anakudharau, basi hilo ni tatizo la wakwe, lishughulikie peke yake, vileja usivihusishe.

Tuje kwenye biashara. Wazo la binti yako si baya, na nahisi ndani yake kuna heshima: ameona mama anatoa fedha na nguvu kila mwaka, anatafuta namna virudi. Lakini lifikirieni kwa macho makavu. Oda za Idi zinakuja wakati mmoja, na wakati wenyewe ni lile kumi la mwisho ambalo tayari linakuelemea. Mwenye kununua hataki kusikia habari za nyufa. Kutakuwa na jamaa watakaochukua mkebe na kusema "nitakutumia kesho", na kesho yao unaijua. Bei ya samli na hiliki inapanda hasa wakati huo, kwa hiyo usipohesabu vizuri utafanya kazi ya bure ukidhani unauza. Na kuna jambo la moyoni: jirani aliyezoea sahani, akimwona mwenzake ananunua mkebe, atajiuliza yeye yuko kundi gani. Nawe utajiuliza.

Upande wa pili, wapo wanawake wengi hapa Visiwani wanaoendesha nyumba kwa mapishi na ushonaji wa nyumbani, na fedha ya mtu mwenyewe ina usingizi wake. Kama wazo linakuvutia hata kidogo, lijaribuni nje ya msimu, kwenye shughuli ya arusi au maulidi, kwa oda mbili tatu, binti akiwa ndiye anayepima na wewe unaonja. Mtajua mapema kama ni biashara au ni ugomvi. Kofia nisingekushauri kuziingiza humo. Mnunuzi analinganisha bei na ile ya mashine, na saa zako hakuna atakayezilipa.

Kuacha kabisa nako ni njia, na mdogo wako hakukosea kulitaja. Unaweza kusema mwaka huu sipiki, Idi itaandama kama kawaida. Watoto watavaa, watakwenda viwanja vya sikukuu vya hapa Unguja, Kariakoo na Mnazi Mmoja, na watakula urojo na ubuyu, wala hawatauliza. Huenda hilo ndilo unaloliogopa zaidi, kwamba hawatauliza. Pia kuna uwezekano mwingine, kwamba utalala mwezi ishirini na tisa usiku kucha macho wazi unasikiliza jiko. Watu wengine wakipumzika mwaka mmoja wanarudi na hamu. Wengine hawarudi, na si vibaya. Kama ukichagua njia hiyo, wape watu habari mapema kwa maneno mafupi: "Mwaka huu mikono inauma, nitapumzika." Ukinyamaza, mtaa utajitungia sababu zake, na nyingine zitamgusa mkamwana wako bure.

Katikati ya kuacha na kuendelea pana nafasi kubwa kuliko barua yako ilivyoonyesha. Mathalani hizo sahani. Unapeleka nyumba zote kwa sababu mama alipeleka nyumba zote, lakini yeye nyumba zote alizijua. Wapangaji wanaorudisha sahani tupu pengine hawajui kanuni yenyewe, hakuna aliyewaambia, na wapo watokao sehemu ambako kurudisha chombo cha mtu kikiwa kisafi ndiyo adabu. Wao unaweza kuwakaribisha kwako badala ya kuwapelekea. Anayetaka kujuana atakuja kutoa mkono wa Idi, atakula hapo hapo, na kawa yako haitatoka nyumbani. Sikukuu kwetu ni siku nne, hakuna aliyesema sahani zote ziondoke Idi Mosi kabla ya jua kuwa kali. Hatari ya kupunguza unaijua: mtaani watu wanahesabu, na atakayekosa safari hii atalisema. Ukipunguza, punguza kwa kanuni ambayo ukiulizwa unaweza kuitaja bila haya, kwa mfano wazee na wagonjwa kwanza.

Umemtaja bibi jirani anayekuuliza kuhusu samli tangu mwezi kumi na tano. Katika barua nzima huyo ndiye mtu pekee uliyemwandika bila uchungu. Sijui kama umewahi kumuuliza anakumbuka nini kuhusu uani kwenu enzi za mama. Kwa umri unaousema, huenda naye alikaa kwenye kinu. Na kama bado ana nguvu ya kukaa kwenye kiti, anaweza kuchambua hiliki na kumgombeza binti yako kuliko unavyoweza wewe.

Tuandikie baada ya Idi, dada yangu, uniambie ulichoamua. Na kama binti amepima, niletee na vipimo, wasomaji wameshaanza kuniuliza.